Pembe ya Tatu

Mwalimu Nambozo anataka wanyama kumi na wawili kabla ya Ijumaa,
rangi mbili tu, maana wino Mbale umepanda bei,
na maumbo yasizidi matano kwa kila kiumbe.
"Wana miaka minne," aliniambia. "Usiniletee manyoya."

Bikari yangu imelegea goti; ukiiamini, inachora yai.
Mduara mkubwa nauazima kwenye kifuniko cha kopo la maziwa,
mdogo kwenye kizibo cha soda,
na ule wa jicho kwenye kifungo
kilichokatika shati la baba.

Baba alichora mabango.
Fahali wake wa buchani, kule Namakwekwe,
alikuwa na unyoya mmoja mmoja, na ute puani,
na nzi wawili mgongoni
ambao mwenye bucha aliwalalamikia, akalipa nusu.
Mimi kazi yangu ni kufuta.

Kobe ni nusu duara, basi, karibu amekwisha.
Ngege ni duaradufu na pembetatu ya mkia.
Tembo ananishinda.
Nikimwondoa mkonga anakuwa nyumba,
nikimrudishia anakuwa birika.
Usiku wa manane namwacha hivyohivyo,
birika lenye masikio, nikalala.

Kongoti hakuagizwa. Waliagiza twiga,
ambaye mtoto wa hapa hajakutana naye hata ndotoni,
na kongoti wamejaa juu ya taka nyuma ya soko,
mabega juu, kama makarani wanaosubiri mshahara wa Machi
mwezi wa Juni.
Mstatili uliosimama. Pembetatu ndefu inayotazama chini.
Vijiti viwili.
Nilimweka wa kumi na tatu, bila malipo.

Ijumaa. Mikeka, harufu ya uji, mvua inagonga mabati.
Nikainua kadi ya ng'ombe:
mwili mraba, kichwa pembetatu iliyopinduliwa,
juu yake hilali mbili.
"Kichwa chake ni umbo gani?"
"Pembetatu!" wakapaza wote, wamefundishwa wakaiva.

Khainza hakupaza. Aliinuka, uji kidevuni,
akaja hadi kwenye kadi, akagusa kwa kidole.
Moja. Mbili.
Akatazama nyuma ya kadi.
"Pembe ya tatu iko wapi?"

Mwalimu akacheka. Mimi nikashindwa.
Miaka sita nalitamka neno hili,
nalikata kwa mkasi, nalipaka rangi,
na sikuwahi kusikia ng'ombe ndani yake.
Nikatazama upya: kona mbili juu, zinapoota pembe,
na moja chini kabisa, penye midomo.
"Ni hii," nikasema. "Hii ya kunywea maji."
Akaipapasa ile ncha.
"Haichomi," akasema, akarudi mkekani,
bila kusema kama amekubali.

Saa sita bibi yake alikuja kumchukua, mwavuli umevunjika ubavu.
Kiswahili chake ni maneno manne,
yote aliyapewa kizuizini, barabara ya Tororo, enzi zile:
simama, shuka, toa, kaa chini.
Hakuomba kujifunza, wala hajayasahau.
Khainza akamwelekeza kidole kwenye mwili wa ng'ombe.
"Mraba," akamwambia.
Bibi akanitazama kwanza mimi,
kisha mlango.
"Muraba," akasema polepole,
kama mtu anayeonja chumvi.
Wakatoka, mtoto akimvuta, la tano likiwa njiani.

Jumamosi nilikaa tena na kifutio.
Nikajiambia: kama pembe zimo tayari kwenye pembetatu,
hizi hilali mbili za juu ni za nini?
Nikazifuta.
Akawa punda.
Nikazirudisha.